Filamu ya Ghali Kuliko Zote Mwakirunge

Kaingu wa Likoni hakualikwa kwenye harusi ile ya Mlaleo, lakini kutoalikwa hakujawahi kumzuia mtu mwenye kanzu safi. Alikuwa amejikunja mkekani katikati ya wanaume wa upande wa bwana harusi, kikombe cha kahawa mkononi, akiitikia "Mungu amrehemu" kwa kila jina lililotajwa kana kwamba alimzika yeye, pale kijana mmoja alipotoa simu na kuanza kuwasomea wenzake habari za filamu zilizokula pesa nyingi zaidi duniani.

"Hii hapa. Dola milioni mia nne na zaidi. Filamu moja!"

"Hizo shilingi ngapi?"

"Bilioni hamsini na kitu."

Watu waliacha kutafuna haluwa. Mmoja alisema subhanallah, mwingine akataka isomwe tena, taratibu. Kaingu hakuisikiliza simu, alizitazama nyuso. Uso wa mtu anayesikia pesa nyingi kwake yeye ulikuwa kama ulimi kwa daktari: ukitolewa tu, ugonjwa wote unaonekana. Na jioni ile aliona jambo lililomfanya aweke kikombe chini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama filamu yenyewe ilikuwa nzuri.

Aliyeuliza swali alikuwa mwanamke aliyekuwa akikagua kamba za tenti kwa nyuma. Bi Salme huyo, mwenye kukodisha tenti, viti, vyombo na jenereta kwa nusu ya harusi za Kisauni na karibu matanga yote.

"Na watu wa filamu hiyo walikuwa wangapi?"

"Maelfu, Bi Salme."

"Maelfu," alisema, na macho yakamng'aa. "Wakala chakula cha nani?"

Tamaa hiyo, Kaingu akajiambia. Tamaa safi, isiyo na doa. Aliondoka usiku huo akitabasamu.

Asubuhi alikuwa kwenye mlango wa ghala la Bi Salme, amevaa fulana nyeusi, miwani ya jua na kofia iliyotazama nyuma.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bi Salme."

"Marahaba. Karibu mwanangu, kaa. Si hicho, hicho mguu mbovu. Hicho nacho usikitie imani. Haya, simama tu."

"Mimi ni mtayarishaji wa filamu," alisema Kaingu akiwa wima kama mtu aliyeletwa mbele ya chifu.

"Mashallah. Filamu zipi?"

"Hazijatoka. Kubwa huchelewa." Akashusha sauti. "Tunapiga filamu ya ghali kuliko zote zilizopata kupigwa pwani hii. Maharamia wavamia harusi. Wazungu wameshatia pesa yao, imebaki hisa moja ya mtu wa hapa. Milioni moja tu. Mwakani yarudi kumi."

"Kumi?"

"Kumi. Sitaki kukudanganya, Bi Salme. Huenda ikawa tisa."

Hiyo tisa, msomaji, ndiyo sanaa yenyewe. Tapeli mchanga hung'ang'ania kumi mpaka afukuzwe. Aliyekomaa hujipunguzia moja, na mteja huona haya kumshuku mtu mkweli kiasi hicho.

Bi Salme alivuta mtandio, akafikiri. "Hebu n'ambie. Bilioni hamsini za filamu moja huenda wapi? Hata mtu ale vipi mbele ya kamera, hali bilioni."

Swali hili Kaingu alilisubiri. Alikuwa amesoma simu usiku kucha.

"Huvunjwa, Bi Salme. Waigizaji walipwa, ndiyo, lakini gharama yenyewe ni kuvunja. Kuna watu waliunda meli kubwa kwa ajili ya kuizamisha. Kuna wanaolipua magari ambayo hata viti havijatolewa nailoni. Filamu rahisi hujifanya yavunja. Filamu ya ghali huvunja kweli. Hapo ndipo mtazamaji ajua kuna pesa."

"Huvunja kweli," alirudia Bi Salme polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akageuka kulitazama ghala lake, kutoka mlangoni mpaka kule nyuma kwenye giza, kwa muda mrefu kidogo.

"Milioni n'nayo," alisema.

Moyo wa Kaingu ulipiga vigelegele.

"Lakini mimi mtu wa shughuli. Siamini harusi mpaka nione moshi jikoni. Nipigie siku moja tu ya kazi yako, niione kwa macho yangu. Tenti, viti, vyombo, jenereta, chakula, vyote utapata kwangu. Wewe waniwekea dhamana laki tatu. Vyombo vikirudi vizima, nayo yarudi."

"Laki tatu? Bi Salme, labda tuseme laki na nusu, halafu..."

"Filamu ya ghali kuliko zote," alisema Bi Salme kwa upole, "yaomba kupunguziwa viti?"

Kaingu alipapasa mfuko wake wa ndani. Laki tatu ndiyo aliyokuwa nayo duniani. Zilikuwa zimekusanywa kwa jasho la watu wengine: viwanja viwili vya Changamwe vilivyouzwa mara tatu, nafasi za kazi bandarini zilizokuwa hewa tupu, na ng'ombe mmoja wa Kaloleni ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa ameapa kwamba akipata milioni moja juu yake, ataacha ujanja, afungue duka la saruji Ukunda, na awe mtu wa heshima anayeiba kwa mizani kama wenzake. Laki tatu ikienda, anarudi Likoni alikotoka, na Likoni kulikuwa na watu waliotamani sana arudi.

Alizitoa. Bi Salme alizihesabu mara mbili, akazitia kifuani, akamwombea dua ya baraka.

Mahali pa kazi palikuwa Mwakirunge, kwenye timbo kuukuu la mawe. Kaingu alipapenda kwa kuwa hapakuwa na wa kumdai kodi. Boga, msimamizi wa wachonga mawe, alileta wenzake ishirini kuwa maharamia. Kaingu aliwaahidi watalipwa filamu ikiuzwa Amerika, na Boga alimtazama kama mtu aliyezoea kuahidiwa.

"Maharamia twaja na jahazi?" aliuliza Boga.

"Na meli."

"Bahari i wapi?"

"Bahari hutiwa baadaye, kwa kompyuta."

"Basi na mshahara usije ukatiwa kwa kompyuta," alisema Boga, na wenzake wakacheka mpaka vumbi likawapanda.

Mpiga picha alikuwa Dancun, kijana wa bara mwenye kamera ya harusi, aliyekubali kulipwa nusu na kuandikwa jina lake kubwa. Na kweli ilipendeza. Tenti ilisimama katikati ya mawe meupe, viti vimepangwa safu kwa safu, meza zimetandikwa, na moshi wa masufuria ya Bi Salme ukapanda kwa unyenyekevu kuelekea mbinguni. Yeye mwenyewe aliketi pembeni chini ya mwavuli, kwenye kiti pekee kilichokuwa kipya.

"Haya, kazi!" Kaingu akapiga kelele.

Maharamia walishuka kwenye mawe wakinguruma. Boga alipofika kwenye meza ya kwanza aliinua kiti, akakizungusha hewani kwa hasira kubwa, kisha akakiweka chini polepole, kama alivyoagizwa.

"Simameni!"

Sauti ilikuwa ya Bi Salme.

"Mwanangu, mbona hakikuvunjika?"

"Tunajifanya, Bi Salme. Sauti ya kuvunjika itawekwa..."

"Kwa kompyuta. Nimesikia. Lakini si wewe uliyen'ambia filamu ya kujifanya ni ya rahisi?" Aliinuka nusu, akaanza kukusanya mkoba wake. "Hapana neno. Milioni yangu ni ya filamu ya ghali. Hii naona si yenyewe."

Kaingu aliuona ule mkoba ukifungwa. Aliiona saruji ya Ukunda, mfuko juu ya mfuko, ikiondoka na buibui nyeusi kuteremka barabara ya Mwakirunge. Alipiga hesabu haraka. Viti vichache, vitatu vinne, atakatwa kwenye dhamana elfu kadhaa. Milioni itaziba.

"Boga," alisema, "vunja."

Usiwaambie wachonga mawe maneno hayo ukiwa hujakusudia. Watu hawa huamka kila siku kuupiga mwamba usiowajibu chochote, na sasa waliambiwa wapige viti vya plastiki. Kiti cha kwanza kilipasuka vipande saba. Cha pili kilipaa. Meza zilikatika migongo. Sahani za udongo zilirushwa ukutani mwa timbo moja moja, na kila iliyolia, Bi Salme alipiga makofi.

"Hapo sasa! Naona pesa hapo!"

"Aisee mkubwa, hii imeshika vibaya!" alipiga kelele Dancun, akikimbia na kamera kinyumenyume.

"Na jenereta," alisema Bi Salme.

"Jenereta?"

"Yatakiwa kitu kimoja kikubwa, mwanangu. Hao wenzio walizamisha meli."

Watu sita waliiviringisha jenereta mpaka ukingoni. Iliporuka, Kaingu aliona kwa ndani, kwa nukta moja tu, kwamba haikuwa na mashine. Lilikuwa sanduku tupu lenye kutu. Alitazama kando yake. Vipande vya viti vilikuwa vimeunganishwa kwa waya. Turubai la tenti, lililokuwa likichanwa na maharamia wawili kwa furaha, lilikuwa na viraka juu ya viraka. Akageuza uso, kwa kuwa anayesubiri milioni haulizi jenereta ilikufa lini.

Vumbi lilipotulia, hapakubaki kitu kilichosimama isipokuwa mwavuli na aliyekaa chini yake.

"Nimeridhika," alisema Bi Salme. "Sasa tuandikiane. Viti themanini, kwa bei ya dukani. Tenti moja, jenereta moja, meza, sahani. Vijana wa Boga nimeshawalipa, na Dancun nimemtimizia, vyote kwenye dhamana. Na chakula. Imetosha laki tatu, alhamdulillahi. Nilikuwa nakudai mia mbili, nimekusamehe."

"Vile viti vilikuwa vibovu!"

"Vilikuwa viti. Sasa si viti."

"Sawa," alisema Kaingu. "Sawa, Bi Salme. Nitolee hiyo milioni, tumalizane."

"Nilisema n'nayo. Wapi nilisema natoa?"

Kaingu alitaja polisi. Bi Salme alisema vyema, waende pamoja, na njiani amweleze vizuri jina la hao wazungu waliotia pesa, ili afisa asije akakosea kuliandika. Kaingu aliacha kutaja polisi.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipoketi kwenye ile harusi ukamlilia marehemu Noor. Noor yu hai, yuwauza mbata sokoni Kongowea." Alimtazama karibu kwa huruma. "Usijione mnyonge, mwanangu. Mwaka juzi alinijia mmoja wa kiwanda cha barafu. Mwaka jana, mmoja wa kanisa la Korea. Wote walitaka milioni, na wote niliwakodisha viti. Wenye harusi za halali hunitoa roho kwa kuomba kupunguziwa. Nyinyi watapeli ndio wateja wangu. Hamwezi kuomba, mnaona haya."

Wachonga mawe walikuwa wameketi kwenye magofu, wakila. Boga, mharamia mkuu, ambaye noti zake zilikuwa zimekwisha kukunjwa ndani ya soksi, alimpakulia Kaingu sahani ya bati iliyojaa, akampa bila neno la dhihaka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Alianza kupanda njia ya kutoka timboni akila kwa mkono, kofia bado imetazama nyuma, akipiga hesabu ya nauli ya kuvuka kwenda Likoni na ya watu watakaompokea huko.

"Kaingu!"

Aligeuka haraka. Uso wake ulijaa tumaini lisilo na haya, kama uso wa mtu anayesikia bilioni hamsini.

"Sahani hiyo," Bi Salme aliita kutoka chini ya mwavuli, "ni ya kukodi. Yaanza kuhesabiwa sasa."