Marashi ya Mabibo

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Evodius, mpangaji mwenzangu hapa Mbwawa, karudi na majigambo. Eti kwenye maabara anakofanya kazi wanatengeneza dawa na manukato kwa umeme wa jua, badala ya kemikali za mafuta na moto mkali. Eti ndiko kutunza mazingira. Shangazi Mwanamkuu, mwenye nyumba, akamsifu mbele yangu! Mimi, damu yake! Basi nitatengeneza marashi ya mabibo, matunda ya mkorosho, kwa umeme. Tuone.

Jumatano, 6 Novemba
Mabibo yamefika kutoka Marui, kwao Shangazi. Nimekamua ndoo nzima. Nimepasua betri za redio zilizokufa, nikachomoa vijiti vyeusi, nikaviunga kwenye chaja ya pikipiki. Chumvi kidogo ili umeme upite. Povu! Kisha moshi wa kukaba koo. Kuku wakahama uani. Evodius akaja mbio kuuliza nani anamaliza umeme wa luku wa nyumba nzima. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Novemba
Marashi lazima yatulie kwenye baridi. Friji ni moja, la Shangazi, nalo limejaa. Alipomaliza kujichoma sindano yake ya sukari nikatoa vichupa vya insulini, nikavipanga dirishani juu ya chaja. Jioni nikavirudisha. Vya moto kama chapati. Hakujua. Nitafanya hivi kila siku.

Jumamosi, 9 Novemba
Shangazi ana kiu isiyoisha. Anasema sindano anachoma, mbona mwili unamkataa. Nikamwambia ni joto la Novemba. Nikampaka marashi shingoni. Akatapika! Imeniuma sana.

Jumatatu, 11 Novemba
Shangazi hakuamka. Evodius ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Daktari aliuliza insulini inakaa wapi. Nikajibu, kwenye friji. Evodius akanitazama. Sikulipenda lile jicho.

Jumatano, 13 Novemba
Marui. Tulimzika jana. Nimelia mpaka sauti imekauka; ndiye aliyenilea. Ndugu wakasimama kumshukuru Evodius mbele za watu. Hata msibani!

Nimefikiri sana nilipokosea. Ni chumvi. Ilizidi. Na hapa mabibo yanaoza bure chini ya mikorosho, na jenereta ya matanga haina kazi mchana kutwa. Nimeshaazima ndoo. Kuhusu baridi, nikirudi Mbwawa sina wasiwasi tena. Friji lote sasa ni tupu.