Vijidudu vya Mtaalamu Octavian

Lori la mafuta lilipopinduka na kumwaga shehena yake kwenye bwawa la Ipuli, watu wa Tabora walilia. Octavian, aliyeshuka treni ya Dar siku hiyohiyo na mkoba mtupu, alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Kazi tu ndiyo ilikuwa haimpendi.

Matete yalikuwa yamekauka, ndege wamehama, na ule ufukwe ambako familia zilipumzika Jumapili ulinuka kama gereji. Octavian akavaa koti jeupe, akaingia maduka ya Gongoni.

"Wenye lori watagawa viwanja vya hoteli ufukweni," alimnong'oneza Samweli, muuza vyombo. "Ila kwa waliosaidia kusafisha tu. Mimi nina vijidudu vinavyokula mafuta. Tatizo, bila asali havifanyi kazi."

"Asali yoyote?"

"Ya miombo, mzee. Ya dukani vinasusa."

Samweli akaleta debe zima na kumwapisha asimwambie mtu. Octavian akaapa, kisha akawaapia vivyo hivyo wenye maduka wote wa mtaa ule. Kufikia Ijumaa chumba chake cha gesti hakikuwa na pa kukanyaga, na tiketi ya treni ya Jumapili ilikuwa mfukoni.

Tamaa ikamtuma aongeze kidogo. Akamwendea Gaudensia, mama aliyekuwa akikaanga samaki pale bwawani hadi mafuta yalipomfungia riziki.

"Shikamoo mama. Kesho nataka kuwaonyesha watu vijidudu, nao waje na asali. Huku mnaitanaje?"

"Marahaba baba. Kwa ngoma. Chukua hii yangu, upige mwenyewe wakuone."

Jumamosi asubuhi akapiga, tena kwa madaha. Watu wakamiminika, lakini hawakubeba asali. Walibeba majembe, makarai na magunia ya pumba za mpunga.

"Mama, hawa vipi?"

"Umepiga ngoma ya kazi, baba. Kwetu anayeita ndiye anayelisha. Usihangaike, vijana wameshakwenda gesti kuchukua madebe ya asali; mtaa mzima uliyaona yakiingia."

Octavian alitaka kupiga kelele za mwizi. Akakumbuka kwamba polisi huwa na maswali, akaendelea kupiga ngoma.

Asali ikabadilishwa kwa ng'ombe na mchele. Iliyobaki ikaingia kwenye uji. Watu wakamwaga pumba zinywe mafuta, wakazikomba, wakapanda matete mapya huku wakiimba jina la mtaalamu. Mtaalamu naye akapewa jembe. Jioni ufukwe ulipoonekana tena, Gaudensia alilia kwa furaha bila kujificha, na hata Octavian alijikuta amefurahi, jambo lililomuudhi sana.

Ndipo Samweli na wenzake wakamzunguka, wamenawa, wameshiba. "Kazi ya vijidudu tumeiona, mtaalamu. Viwanja viko wapi?"

Octavian akamtazama Gaudensia kwa macho ya kuomba.

"Viwanja baadaye," mama akawaambia, akichomoa tiketi ya treni iliyochungulia kwenye mfuko wa lile koti. "Upande wa pili wa bwawa bado mchafu, na baba ameahidi kukaa nami hadi uishe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, baba, usichelewe."

Na hivyo Octavian, katika umri wa miaka arobaini, akaajiriwa.