Hesabu Rasmi ya Ndege wa Bwawa la Panda

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Likasi, wa mjini kati, wa Panda, wa Kamatanda, na hata wale walioko katika gereza la Buluo kwa sababu zao, kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi wa sita ndege wote wa majira ya baridi wataangaliwa na serikali. Mwananchi anayetaka kuangalia ndege kwa macho yake mwenyewe ataomba kibali. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakuwa na ofisi.

Tangazo hilo niliandika mimi, Magloire, katibu wa Biro ya Uangalizi wa Ndege wa Baridi. Watu walicheka. Mtu asiyejua utawala hucheka haraka.

Jambo lenyewe ni jepesi. Amri ya jimbo inasema kwamba mahali palipo na ndege ishirini au zaidi wakati wa baridi ni hifadhi, na ndani ya hifadhi hapapimwi viwanja. Sasa, bwawa lililo nyuma ya kambi ya wafanyakazi kule Panda lilikuwa limeshagawanywa viwanja kwenye karatasi, na kiwanja namba moja kilikuwa cha Mkurugenzi wetu, Bwana Germain. Kwa hiyo biro ilipewa kazi nyeti: kuwaangalia ndege mpaka wasiwepo.

Tulifanya kazi hiyo kwa utaalamu. Uangalizi ulifanyika saa saba mchana, kwa sababu asubuhi kuna baridi, na mtumishi wa serikali akishikwa na mafua nani atamwangalia ndege? Darubini ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikwenda Kolwezi na katibu aliyenitangulia. Kabla ya kuhesabu, mlinzi alipiga pipa la bati mara tatu ili kuwaita ndege wajitokeze mbele ya tume. Ndege anayekimbia wito wa serikali hahesabiki. Yule asiyekimbia tulimwandika kuwa ni wa kupita, maana hana cheti cha ukazi. Mwaka jana tulipata ndege sifuri. Mwaka huu nilishaandika sifuri kwenye PV, yaani taarifa rasmi ya hesabu, tangu mwezi wa tano, ili kuokoa muda.

Siku ya Jumanne alikuja Mama Fortunée, mama wa Panda anayelima lengalenga na kabichi ukingoni mwa bwawa. Matuta yale aliachiwa na mama yake, na watoto wake wanne wamesoma kwa mboga zile. Kwa bahati mbaya, yalikuwa katikati kabisa ya kiwanja namba moja. Alifuatana na binti yake Émilienne, mpiga picha za pasipoti anayekaa mbele ya ofisi ya mji. Msichana huyo, baridi ikianza, huvaa masweta mawili na kwenda bwawani alfajiri na kamera yake, kabla ya kufungua kazi. Alitandika picha sitini juu ya meza yangu.

"Papa Magloire, ndeke beko," alisema Mama Fortunée. "Mutoto anabapiga foto. Angalia weye mwenyewe."

"Mama, minye siwezi kuangalia. Kibali yangu ya kuangalia bado haiyatoka."

"Shi weye njo chef ya kuangalia?"

"Justement, njo vile. Chef haangalii ovyo-ovyo."

Hata hivyo, mimi si mtu wa roho mbaya. Nilivaa miwani nikazikagua zile picha kwa mujibu wa kanuni ya picha za vitambulisho, kwa kuwa kanuni nyingine hatuna: uso uelekee mbele, nyuma pawe peupe, masikio yote mawili yaonekane. Mdiria alikuwa ametazama pembeni, nikamkataa. Yangeyange alikuwa mweupe mbele ya ukungu mweupe, huyo nikamkataa kwa kuzidisha weupe. Nikafika kwa korongo.

"Na huyu, masikio yake iko wapi?" nilimwuliza Émilienne.

"Papa, ya ndeke iko chini ya manyoya."

"Basi arudi, atoe manyoya."

Émilienne aliniangalia kwa muda mrefu, bila kibali. Kisha akauliza: "Ile PV ya kusema ndeke habako, batasaini siku gani?"

"Vendredi. Na lundi bapimaji bako nakuja na vigingi." Ijumaa mhuri, Jumatatu vigingi: ratiba ya serikali haina mwanya.

Mama Fortunée aliketi kwenye benchi la wageni. "Basi lundi njo mwisho ya matuta ya mama yangu," alisema polepole. "Nitakula nini, Papa Magloire?" Niliona huruma, kusema kweli. Niliiandika pembezoni mwa faili ili isipotee.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipotoka ofisini kwake, tumbo likitangulia, akanyoosha tai na kuuliza kuna nini. Émilienne alisimama kwa heshima.

"Patron, niko nawaza juu ya ile PV," alisema. "PV ya fasi, mahali kama bwawa, bila foto ya mukubwa pa ile fasi, kule jimboni Lubumbashi batasema hamukufika. Batasema mulikaa tu mu biro."

Mkurugenzi alinigeukia. "Elle a raison, anasema kweli. Magloire, sababu gani hukuwaza vile?" Nikasema nilikuwa karibu kuwaza. "Bon. Vendredi saa saba, kisha kula."

"Saa saba hapana, Patron," alisema Émilienne. "Jua iko juu ya kichwa, inaonyesha tumbo. Saa kumi na mbili ya asubui, ile mwangaza inatoa muntu kijana."

Mkurugenzi aliangalia tumbo lake. Akaliangalia tena. "Saa kumi na mbili, alors," alisema.

Ijumaa, saa kumi na mbili kamili, tulikuwa bwawani. Majani yalikuwa meupe kwa umande wa barafu, na vidole vyangu vilikufa ganzi nilipokuwa nimemshikia Mkurugenzi kofia yake ya sufu, maana kofia haikutakiwa kwenye picha. Émilienne alimsimamisha ukingoni, mgongo ukielekea maji na uso ukielekea mboga. Mama Fortunée alisimama kando ya kabichi zake.

"Patron, usigeuke," alisema Émilienne. "Mukubwa haangalie nyuma."

Hilo ni kweli, na Mkurugenzi alilipenda. Alisimama kama mnara kwa robo saa. Nyuma yake nilisikia milio mingi, na mabawa, na vitu vikitua majini. Lakini biro yetu ni ya kuangalia, si ya kusikia. Mimi niliangalia tai ya Mkurugenzi, isije ikapinda.

Saa nne picha ililetwa, kubwa kama kalenda. Mkurugenzi aliangalia uso wake na kuukuta mzuri. Mimi nilikagua: uso mbele, nyuma peupe kwa ukungu, masikio yote mawili yapo. Nikapitisha. Akabandika nakala saba kwenye PV saba, akapiga mhuri juu ya kila picha na kuandika kwa mkono wake: "Nathibitisha kuwa picha hii inaonyesha mahali hapa kama palivyo." Nakala moja iliondoka na basi la mchana kwenda jimboni. Nyingine niliibandika mimi mwenyewe kwenye ubao wa matangazo wa Panda.

Jumapili, misa ilipokwisha, watu walijaa mbele ya ubao. Nilidhani wanampenda Mkurugenzi. Kumbe walikuwa wanahesabu. Walihesabu kwa Kifaransa, wakahesabu kwa Kiswahili, na kila mara walipata arobaini na mmoja: korongo, yangeyange, bata wa majini na mdiria mmoja juu ya tete, ambaye safari hii alikuwa ametazama mbele.

Jumatatu mpima viwanja alifika na vigingi vyake. Mama Fortunée alimpeleka mpaka kwenye ubao, akamwonyesha picha. Mpima alisoma, akahesabu, akakunja kamba yake.

"Mukubwa mwenyewe njo anasaini," alisema. "Minye ni nani ya kubisha?"

Mkurugenzi aliposikia, aliitisha makasi. Nilimletea, pamoja na waraka namba nne, alioutunga yeye: mtu yeyote atakayekata, kukwaruza au kufunika picha ya kiongozi atafikishwa panapohusika. Alisema waraka haumhusu. Akainamia picha kwenye nakala ya ofisini. Ndege walikuwa wamejipanga kushoto na kulia kwake, na safu zao zilianzia pale masikio yake yalipoishia, wengine wakiwa wamepachika midomo yao nyuma yake kabisa. Ili kupunguza ndege ilibidi kupunguza masikio.

"Chef, bila masikio foto haina valable, kanuni inaikataa," nilimkumbusha.

Aliweka makasi mezani. Saa ya kula ilifika, na hakula.

Barua ya jimbo ilifika baada ya wiki mbili. Ilimpongeza Bwana Germain kwa kugundua hifadhi, na kwa kuwa amri inataka hifadhi ilindwe na yule aliyeithibitisha, ilimteua kuwa mlinzi wake wa kwanza. Atakaa ukingoni kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka baridi iishe, na ataleta hesabu kwa maandishi. Kiti chake ofisini kisingeweza kubaki wazi, kwa hiyo nimekikalia mimi, kwa muda.

Anaonekana pale kila alfajiri, na koti lake na kofia ya sufu, kati ya kabichi na maji. Émilienne akipita kwenda kupiga picha humsalimu kwa heshima zote. Mama Fortunée humkataza kukanyaga matuta.

Leo nimepokea hesabu yake ya kwanza. Ameandika thelathini na wanane. Nimemrudishia karatasi. Picha ina ndege arobaini na mmoja, na picha ina sahihi yake. Nimemwagiza abaki pale pale mpaka awapate wale watatu, na awe na kibali cha kuwaangalia.