Mimi, Kadi na Kichuguu

2 Novemba 1953, Jumatatu

Nimeamua kupenda watoto. Uamuzi umepita saa ya chai, nikiwa peke yangu, bila upinzani.

Sababu ni carte du mérite civique. Mwenye kadi hiyo amestaarabika, tena kwa muhuri wa serikali. Nasikia yeye hasimami juani kwenye kile kidirisha cha weusi ubavuni mwa duka la mkate. Anapita mlangoni, kengele inalia, anavua kofia. Kengele hiyo naitaka. Mke wangu Mujinga ananunua mkate kidirishani miaka yote hii, na akirudi hasemi neno. Hiyo inaniuma kuliko kama angelalamika.

Wiki jana bwana mmoja wa tume ya kadi alikuja kutazama tunavyoishi. Alifungua kabati. Alihesabu uma. Akauliza tunakula nini. Dagaa za kopo, nikasema, na jibini. Akauliza kama bado tunakula wadudu: vinkubala, wale viwavi wa mitini, au inswa, kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Nikacheka kama mtu aliyeulizwa kama anakula viatu. Mujinga akapatwa na kikohozi.

Mwisho akauliza nawafanyia wenzangu nini. Mdomo ukajibu kabla yangu: nafundisha watoto wa shule mazoezi ya viungo, kwa kujitolea. Akafurahi. Atakuja kuwaona Sikukuu ya Mfalme wa Ubelgiji, tarehe 15.

Sasa kilichobaki ni kuwapata hao watoto.

4 Novemba, Jumatano

Nimewapata! Shule ya misheni, upande wa Naviundu. Padre Adalbert alinikabidhi darasa zima haraka mno, kama mtu anayegawa watoto wa paka.

Somo la kwanza: kulala chali na kuinua miguu. Walilala chali vizuri sana. Nusu yao wakasinzia.

Kiongozi wao ni Casimir, ana pengo la meno mbele. Aliniuliza nalipwa nini. Nikasema silipwi. Akanitazama kwa huruma, akaenda kuwaeleza wenzake.

Pigo: Anaclet yupo hapo tayari! Karani wa posta, viatu vya rangi mbili, naye anaitaka kadi. Anawafundisha watoto kuimba, pia kwa kujitolea. Watoto wake wanasimama mistari iliyonyooka. Alinisalimu kwa Kifaransa kirefu. Nikamjibu kwa kirefu zaidi, lakini katikati nilipotea.

7 Novemba, Jumamosi

Tulijenga piramidi ya watoto. Ilisimama muda wa kutosha kwa Anaclet kugeuka aione ikianguka.

Kinachokosekana ni urefu. Mtu akitazamwa kutoka chini huonekana mkubwa. Nikazunguka uwanja, nikakiona: kichuguu! Kikubwa kuliko darasa. Wafyatua matofali wamekichimba miaka mingi na bado hakijaisha. Watoto watapangwa mteremkoni, mimi nitasimama kileleni na filimbi. Anaclet ataimbia huko chini kwenye vumbi.

Tatizo ni Mama Chomba, mpishi wa watoto wa bweni. Amekijengea kichuguu kibanda cha majani, na chini yake amechimba shimo na kuweka beseni. Mvua ikinyesha, inswa watatoka na kugonga majani, kisha wataanguka mle ndani. Nikamwambia aondoe takataka zake. Akasimama, mikono kiunoni.

"Monsieur Godefroid, hii kichuguu iko na mwenyewe. Ni miye. Inswa bakitoka, utabafunga na nini?"

Nikasema mtu wa daraja langu hajui habari za inswa. Nikapeleka shauri kwa Padre: je, kibanda cha majani au Mfalme? Padre alikuna ndevu, akachagua Mfalme. Mama Chomba alibeba beseni lake bila kuniaga.

Habari za inswa nazijua. Nimezaliwa Pweto. Mama yangu alikuwa na kichuguu chake nyuma ya nyumba, na inswa wa kwanza kabisa alinipa mimi, mbichi, mabawa bado yanacheza. Ninamkumbuka sana mvua zikikaribia. Hayo si ya kumwambia bwana wa tume.

10 Novemba, Jumanne

Tumekipaka kichuguu chokaa. Kinang'aa. Casimir alinionyesha vitundu vipya huko juu, akaniambia inswa wameshafungua milango. Nikamwambia apake chokaa.

Akaomba ruhusa ya kuja na sahani siku ya sikukuu. Nikakataa. Nikauliza nani mwingine alitaka kuleta sahani. Mikono yote ikapanda juu pamoja, mistari imenyooka! Nidhamu imeanza kuingia.

12 Novemba, Alhamisi

Nimepata habari kwamba kwaya ya Anaclet itatangulia, sisi tufuate alasiri. Hapana! Alasiri wageni wameshiba, wanasinzia.

Nikamnong'oneza Padre kwamba Anaclet ana koo bovu, anaficha kwa ajili ya moyo wake mwema. Padre akamwamuru apumzike asubuhi na asukutue maji ya chumvi. Tumebadilishana. Sisi sasa ni mara tu baada ya misa, jua likiwa changa.

Anaclet anasukutua nyuma ya kanisa kwa sauti ya kuhuzunisha. Nimelala usingizi mzuri.

14 Novemba, Jumamosi

Mvua! Ile ya kwanza ya kweli, ya kuangusha matawi. Mujinga alisimama mlangoni akivuta harufu ya udongo.

"Baba Edith, kesho inswa itatoka."

Nikamwambia hali ya hewa ni shughuli ya wakulima wa Kasungami. Akaweka sufuria karibu na mlango. Nikairudisha jikoni. Binti yetu Edith akaileta tena mlangoni. Katika nyumba hii mimi nina kura moja.

15 Novemba, Jumapili

Naandika kwa utulivu.

Misa ikaisha. Jua likatoka, ardhi ikafuka mvuke. Bwana wa tume alikaa mbele na mke wake, kando yao Padre. Anaclet alisimama nyuma yao, kitambaa shingoni. Watoto walipanda mteremkoni wakiwa na fulana nyeupe. Mimi nikapanda kileleni: suti, tai, kofia ya jua. Nikapuliza filimbi. Mikono juu! Ikapanda yote. Bwana akapiga makofi. Kengele ya duka nikaisikia kabisa.

Ndipo kitu kikaingia ndani ya suruali yangu.

Nikatazama chini. Chokaa ilikuwa inapasuka kila mahali, na katika nyufa walikuwa wanatoka inswa. Mmoja, kumi, halafu wingu zima. Hakukuwa na kibanda cha kuwazuia. Walipita kwenye viti vya wageni na kwenye kofia ya Madame, mwingine akatua katika ndevu za Padre.

Nikapuliza filimbi: simameni! Casimir alitoa sahani kutoka chini ya fulana yake. Wote walikuwa na sahani chini ya fulana. Wale wa Anaclet nao wakaja mbio. Hata Mama Chomba akatokea na beseni, akinitaja mimi na ukoo wangu.

Nilibaki nimesimama, peke yangu, mtu aliyestaarabika. Nilidhamiria kabisa kubaki hivyo. Inswa mmoja akatua mkononi mwangu, mnene, mabawa yanacheza.

Nilipozinduka nilikuwa nimepiga magoti, kofia imejaa hadi ukingoni, na mbele yangu palikuwa na viatu vya bwana wa tume. Akauliza kwa upole nafanya nini. Nikamjibu nawafukuza wadudu hawa, Monsieur, kwa usalama wa watoto. Akaitazama kofia. Kisha akanitazama mdomo.

Bawa lilikuwa limenata kwenye mdomo wangu wa chini. Nililisikia likicheza kila nilipotamka "Monsieur".

Alasiri kwaya iliimba. Anaclet hakuwa amegusa hata mdudu mmoja. Koo lake halijawahi kuwa safi namna ile.

16 Novemba, Jumatatu

Padre ameniita. Bwana wa tume atampendekeza Anaclet. Kuhusu mimi, amesema tungoje.

Nilirudi kwa miguu nikiikokota baiskeli yangu, nikapita dukani. Mujinga alikuwa kidirishani, juani, na kikapu chake. Nikasimama naye kwenye mstari. Akanipa kikapu nishike.

Jioni Mama Chomba alikuja kudai fungu la mwenye kichuguu. Ni desturi, siwezi kupinga. Alichukua nusu ya inswa, pamoja na kofia. Anasema inafaa kuliko beseni.

Waliobaki Mujinga aliwakaanga na chumvi. Tulikula mezani, kwa uma. Edith aliomba nyongeza. Kwa haki, walikuwa watamu sana.

21 Novemba, Jumamosi

Habari njema! Bwana yule wa tume ana moyo mzuri. Atakuja tena sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tarehe 6 Desemba, kunipa nafasi nyingine.

Safari hii nimefikiri. Kosa lilikuwa kichuguu. Nimeachana na vichuguu vyote. Nimechagua mahali pengine, nyuma ya kanisa, chini ya ile miti mikubwa yenye majani mazito. Kivuli kizuri, na wageni watakaa chini ya matawi kabisa. Anaclet ameniazima kofia yake kwa huruma. Ni pana kuliko ile yangu.

Nilipowatangazia watoto, walishangilia. Wote wameahidi kuja, hata wagonjwa. Hatimaye wananipenda.

Casimir peke yake alinifuata hadi kwenye baiskeli.

"Monsieur, ile miti, mwezi wa kumi na mbili, iko na vinkubala. Vingi sana. Vinaanguka vyenyewe."

Nikamshukuru. Nimelipima jambo hilo njia nzima ya kurudi, bila haraka. Vinkubala ni viwavi tu, havina mabawa. Haviwezi kuninata mdomoni.