Ukaguzi wa Mahaba Nyumbani kwa Mshona Mapazia

Serikali imetangaza rasmi kwamba ndoa zote nchini zitakuwa na uhai ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha. Mimi, Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Uchangamfu wa Wanandoa, nilikabidhiwa utekelezaji. Mkakati wetu ni maigizo: mume na mke wajifanye watu wengine kwa muda, ili wakirudi kuwa wenyewe waonane wapya. Watakaoshindwa watapelekwa kwenye semina elekezi ya ukaribu, wanaume bweni lao, wanawake bweni lao.

Jumanne moja nikaenda kumkagua mshona mapazia na mumewe, dereva wa gari la taka. Hawa walikuwa wameanza kuigiza hata kabla ya tangazo, jambo ambalo kisheria ni kuitangulia serikali. Nikamhoji mume pale mlangoni.

"Tulifika mahali, mzee, maneno yetu yalikuwa mawili tu: gesi imeisha, na zima taa," akasema. "Siku moja nikamwambia, samahani dada, kiti hiki kina mtu? Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tuhamie hapa."

"Na leo mnaigiza nini?"

Akajikuna kisogo. "Ofisi."

Ndani, mkewe alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, miwani puani, akisoma gazeti alilolishika juu chini. Mume akabisha kwenye kabati, akasogea kwa kunyata.

"Shikamoo, mkubwa. Nimefuata mhuri."

"Mhuri umeenda kunywa chai," mke akasema bila kuinua macho.

Mume akaangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Mke akajikaza, lakini midomo ilimcheza.

Nilisikitika. Kitaalamu, mwananchi aliyefuata mhuri hacheki. Nikawaambia igizo lao halina uhalisia hata chembe, na kwamba semina inawanukia.

Mume akanywea. Mke akavua miwani, akanitazama kwa upole.

"Basi tuelekeze, shemeji. Wewe uwe mwananchi, tuone wa kweli anavyokuwa."

Ombi la maana. Nikatoka nje, nikarudishia mlango, nikabisha.

"Subiri," mke akasema.

Nikasubiri. Nikabisha tena.

"Mkubwa yuko kikaoni."

"Kikao kinaisha saa ngapi?"

"Njoo kesho."

"Natoka mbali, mama," nikasema, tena kwa uhalisia mkubwa, maana jua lilikuwa limeshanifika utosini na begi langu lilikuwa limebaki ndani. Komeo likajibu: kacha. Pazia likavutwa. Kicheko kikaanza, kikapungua, kikawa minong'ono.

Nilikuwa bado nimesimama pale Waziri wetu alipofika na msafara wake kushuhudia mafanikio.

"Kuna nini hapa?"

"Foleni, mheshimiwa. Mkubwa yuko kikaoni."

Waziri akabisha, akajitambulisha kwa cheo chake kizima, pamoja na kamati anazoziongoza. Sauti ya mke ikatoka ndani, laini, kama ya mtu aliyejinyoosha kitandani.

"Wote mnasema hivyohivyo. Panga foleni, baba."

Waziri akautazama mlango. Akawatazama walinzi wake, nao wakatazama viatu vyao. Akafunga kifungo cha koti, akasimama nyuma yangu. Baada ya muda akaniinamia sikioni.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "humo ndani huna mtu unayemjua?"