Mvinyo Mweupe wa Bei Nafuu Ulivyotuharibia Pasaka

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, kuhusu madhara yaliyoipata familia yangu kutokana na ukurasa wako wa Alhamisi. Mimi ni Ottorino Zanchetta, fundi vigae mstaafu, mkazi wa vilima vya juu ya mji wa Bassano, na msomaji wako tangu enzi ambazo gazeti lako lilikuwa likichafua vidole. Sijawahi kulalamika. Hata mlipotangaza kwamba nimefariki, ilhali aliyefariki alikuwa Ottorino Zanchetta wa Marostica, nilinyamaza, nikapokea maua, nikayaweka mezani.

Hili la mvinyo siwezi kulinyamazia.

Wiki ya kuelekea Pasaka, Bi. Loredana Piovan, anayewaandikia mambo ya vyakula na vinywaji, alisema kwamba hata watu wa kipato chetu tunaweza kunywa vizuri majira ya kuchipua. Alisema asparagasi nyeupe, yale machipukizi marefu ya mboga, na mayai ya kuchemsha vinataka mvinyo mweupe mwepesi, wenye uchachu kidogo kama wa limau. Alisema mvinyo mwekundu mzito ukikutana na asparagasi, mdomo unakuwa kama umelamba ufunguo. Na alisema mweupe huo unapatikana kwenye duka la ushirika wa wakulima, kwa bei isiyozidi pizza moja. Mke wangu Fiorenza aliukata ukurasa huo akaubandika kwenye friji, juu ya picha yetu ya harusi, upande wa uso wangu.

Ili uelewe ukubwa wa jambo, lazima nikueleze kuhusu Gildo. Gildo ni shemeji yangu, kaka yake Fiorenza. Miaka yote mvinyo wa Pasaka nyumbani kwetu huletwa na yeye. Huutengeneza mwenyewe gereji kwake, kwa zabibu za shamba la marehemu baba yao, akisaidiana na mkewe Rosetta, ambaye tulimzika vuli iliyopita. Ni mvinyo mwekundu, unaoelekea kuwa mweusi. Sisemi ni mbaya. Nasema tu kwamba uliwahi kumwagika kwenye ngazi yetu ya marumaru, nami ni mtu wa fani, na doa lile limenishinda.

Basi siku ya Pasaka Gildo akaja na dumu lake la kioo, akaliweka katikati ya meza kama kawaida. Pembeni yake kulikuwa na chupa za Fiorenza kutoka ushirika, zinatoka jasho kwa ubaridi. Kuanzia hapo, Ndugu Mhariri, mambo yalikwenda kama nitakavyoyaorodhesha.

1. Watu walionja chakula. Mama mkwe wangu, Bi. Adelina, ambaye kila Pasaka hunywa mvinyo wa mwanawe kwa kufumba macho, safari hii alimiminiwa mweupe. Akanywa. Akakata kipande cha asparagasi, akatafuna, akanywa tena. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani: "Kumbe hii kitu ina utamu! Miaka yote mlikuwa mnanificha?" Hapo ningevumilia. Lakini ulimi ukishafunguka haurudi kulala. Ulipofika mkate mtamu wa Pasaka, ambao Fiorenza huuoka mwenyewe na sote huusifia, mama yake alimega, akatafuna, akamtazama binti yake. "Mwanangu, huu mkate unanuka sabuni." Fiorenza akauliza: "Mama, mbona kila mwaka unausifia?" Bibi akajibu: "Kila mwaka nilikuwa nimeshakunywa cha Gildo. Mtu akishakunywa kile hata kiatu anakisifia." Naomba utafakari, Ndugu Mhariri. Mvinyo wa Gildo ulikuwa ukilinda heshima ya mke wangu kwa kuua ladha zote kwa usawa. Bi. Loredana amebomoa ukuta huo kwa bei ya pizza.

2. Hakuna aliyelala. Kwa desturi yetu, glasi ya pili ya Gildo huwalaza wageni wote kwenye viti, vinywa wazi, na Pasaka huisha kwa amani. Safari hii watu walibaki wachangamfu. Walianza na siasa, wakavuka salama. Wakafika kwenye lile shamba la bondeni ambalo Bi. Adelina hajasema atamwachia nani. Familia yetu ilikuwa imefanikiwa kutolizungumzia shamba hilo tangu sarafu ilipobadilishwa kuwa euro. Sasa limezungumzwa, na kila mtu anajua mwenzake anawaza nini. Hii ni hali ya hatari.

3. Lalamiko la tatu nimelifuta kwa kuwa mke wangu amelisoma.

4. Gildo aliondoka. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, nami nitaliandika polepole. Dumu lake lilikuwa limebaki limejaa mpaka shingoni. Alilitazama, akaitazama meza, kila glasi mezani nyeupe. Fiorenza akasema, "Kaka, nikumiminie cha kwako?" Akajibu, "Niache tu, dada, leo tumbo si zuri." Kisha akalibeba dumu lake kifuani kama mtoto, akashuka kilima kwa miguu, na kofia akaisahau msumarini. Tangu siku hiyo haji kucheza karata. Nilipita kwake nikamwona nyuma ya pazia. Nikapunga mkono. Pazia likafungwa. Mtu aliyezika mke vuli, watu wakamkataa kwenye mvinyo majira ya kuchipua, amebakiwa na nini? Na mimi nimebakiwa na nani wa kucheza naye karata? Nimejaribu kucheza na Fiorenza. Anashinda.

5. Nimegeuzwa mtu wa kuchagua. Zamani dukani nilikuwa sina shida: mvinyo mzuri ulikuwa rafu ya juu, haunihusu, nami siuhusu. Nilipita chini yake kwa moyo mweupe. Sasa Fiorenza hunituma ushirika kila wiki na maswali. Njegere changa zinataka upi? Mayai yenye mboga za porini je? Juzi nimesimama mbele ya chupa hizo mpaka dada muuzaji akanihurumia. "Mzee, unakula nini leo?" Nikamwambia wali wa njegere. "Basi chukua huu, wala hauna makuu." Nikauchukua. Ulikuwa mtamu. Nimeukasirikia mpaka leo, maana niliunywa nikitazama kofia ya Gildo msumarini.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Mosi, Bi. Loredana aandike kuhusu mvinyo wa bei ghali tu. Mvinyo wa bei ghali haujawahi kumdhuru mtu wa aina yangu. Tunausoma kama tunavyosoma hali ya hewa ya nchi za mbali, tunafungua ukurasa wa michezo. Pili, ikiwa lazima aandike wa bei nafuu, kila chupa ibandikwe onyo, kama sigara: kwamba kinywaji hiki humfanya mtu amsikie mama mkwe vizuri. Tatu, Bi. Loredana mwenyewe apande kilima hiki, abishe hodi kwa Gildo, anywe glasi nzima ya mvinyo wake mbele ya mashahidi, na aseme ni mzuri. Akitaka, naweza kumfundisha namna ya kupumua.

Asipofanya hivyo, nitalifikisha suala hili kwa meya, na kwa askofu ikibidi, kwa kuwa Pasaka ni yake.

Nakuomba radhi kwa urefu wa barua. Wasalimie wote hapo ofisini: wapiga picha, wasahihishaji, yule bwana wa ukurasa wa michezo anayetabiri kinyume kila Jumapili, na hasa dada wa matangazo ya vifo, mwambie bado nipo.

Wako katika huzuni na uaminifu,

Ottorino Zanchetta

N.B. Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha mlango ulipobishwa. Ni Gildo. Kavaa shati la kanisani, kwapani ana mfuko wa ushirika, ndani chupa mbili nyeupe. Hakukaa. "Shemeji, nikuulize kitu, na usinidanganye. Ule mvinyo wangu unaupenda?" Nikamwambia, "Swali gani hilo, Gildo?" Akasema, "Mimi siupendi. Rosetta, Mungu amrehemu, alikuwa anausukutulia akiumwa jino. Tulikuwa tunautengeneza kwa ajili yako! Siku ile umekuja kumposa Fiorenza ulikunywa glasi mbili bila kukunja uso. Rosetta akaniambia, huyu kaka wa watu anaupenda, tusimnyime. Pasaka nilipoona hata wewe umehama, nikajua marehemu na mimi tumehangaika bure."

Ndugu Mhariri, mtu aliyekuja kuposa hunywa chochote.

Nilimwambia hivyo. Alinitazama, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, kisha akaniomba kizibuo. Chupa ya kwanza imekwisha, utaona kwenye mwandiko. Amesema atang'oa mizabibu ile apande asparagasi, na Bi. Adelina, aliyeshaambiwa na Fiorenza, amepiga simu kusema kama ni hivyo lile shamba la bondeni alichukue Gildo, naye Fiorenza karidhika, ilimradi mimi ndiye nitakayepalilia.

Basi barua hii usiichapishe. Ila mwambie Bi. Loredana kwamba Jumapili tutakuwa na mwanambuzi wa kuchoma na njegere. Gildo anasema mweupe, mimi nasema mwekundu mwepesi, na tumeshaanza kuitana majina. Ajibu kabla ya Jumamosi, bei iwe ileile.

Na kama kuna kijana yeyote, msomaji wako, anayekwenda kuposa wiki hii, gereji kwa Gildo yamebaki madumu kadhaa. Aje achukue bure.