Tai ya Mchungaji Imefungwa na Unga wa Uji

Wakuu, leo nimeadhirika mchana kweupe. Nawaandikia nikiwa na unga masikioni. Nimeoga mara mbili na bado nanukia uji.

Mnaonifahamu mnajua niko Ujiji, kwenye kiwanda kidogo cha Mama Zuhura kinachosaga unga wa uji wa watoto. (Ndiyo, mimi yuleyule niliyewaaga Tanga kwa mbwembwe.) Tangu wakimbizi wazidi kuvuka kutoka Burundi, kambini unatakiwa uji mwingi, na Mama Zuhura aliomba kazi ya kuupeleka. Shida ilikuwa mifuko. Akina mama waliifunga kwa moto wa mshumaa, na kwa barabara zetu hizi ilifika kambini imefumuka, unga uko kwenye turubai la lori. Mama akanunua mashine ya kufungashia ya mtumba, akaniita niipe akili. Leo ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Tukipita, kazi ni yetu. Tukishindwa, inakwenda mkoa mwingine na akina mama wote wa kiwandani wanarudi nyumbani kukaa.

Akili niliyoipa ni ya hali kwa hali. Yaani mashine iko kwenye hali moja tu, na haitoki hapo mpaka kitu fulani kitokee. Hali ya kwanza ni SUBIRI: inangoja mfuko. Jicho lake dogo la taa likiona kitu mbele yake, inaingia JAZA, na faneli inamwaga kilo ya unga. Ikimaliza inaingia FUNGA: taya mbili za moto zinabana mdomo wa mfuko. Halafu SUKUMA, mkono wa chuma unausogeza mfuko pembeni. Inarudi SUBIRI. Basi! Usiku nilikuwa naota nikijipongeza.

Asubuhi nikafanya mambo mawili ya kijinga. Kwanza, niliazima tai kwa jirani yangu mchungaji. (Fundi na tai wapi na wapi? Usiniulize.) Pili, nilitoa mlango wa wavu unaokinga mashine, ili wageni waone vizuri. Mlango ukiwa wazi mashine hukataa kuwaka, kwa hiyo nikakidanganya kiswichi chake kwa sumaku ya spika mbovu. Ikaamini mlango upo. Nikacheka peke yangu.

Mama Zuhura, Mha wa Kalinzi asiyependa utani kazini, akanivuta pembeni.

"Anayekuja ni Mzee Ndayi, mwenyekiti wa kamati ya chakula kambini. Wanaonunua uji wa kambi wamesema akikubali yeye, wamekubali. Usije ukampungia mkono kama konda. Unainama, unapiga makofi polepole, na hunyanyuki mpaka amalize kukujulia hali. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

Mzee Ndayi akafika na dereva wa wanunuzi. Koti jeusi, uso haucheki. Mimi, badala ya kumfuata mlangoni, nikamngoja palepale kwenye mashine nikijimwambafai.

"Shikamoo, Mzee! Hii mashine, hata umeme wa Kigoma ukikatika, ukirudi inaendelea hapohapo ilipoachia. Haisahau!"

"Marahaba. Amahoro?" akanijulia hali kwa Kirundi.

Hapo nikakumbuka maagizo. Nikainama. Nikapiga makofi. Mbele ya jicho!

Mashine ilikuwa kwenye SUBIRI, mfuko mtupu unaning'inia, haujashushwa mbele ya jicho. Ikaona viganja vyangu, ikajua mzigo umefika. JAZA. Kilo ya unga, nusu mfukoni, nusu kisogoni kwangu. Mtu mwenye akili angeruka. Mimi nikaendelea kupiga makofi, maana Mzee alikuwa ndiyo kwanza anauliza wazazi, bado hajafika kwa ng'ombe.

"Na nyumbani ni amahoro?"

"Ni amahoro, Mzee," nikajibu, nikitema unga.

Kumbe tai imetumbukia mfukoni. FUNGA. Nikasikia harufu ya tai ikiungua. SUKUMA. Mfuko ukaenda, tai ikaenda, na mimi nikaenda, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kichwa kikasimama sawia chini ya faneli, mbele ya jicho. Mashine ikarudi SUBIRI, ikaona kichwa, ikafurahi. JAZA!

"Mama! Kitufe chekundu!"

Mama Zuhura akakibonyeza hicho cha kuzimia mashine. Akakipiga ngumi. Akakipiga na kandambili. Wapi! Jamani, ni mimi niliyeandika kwamba kitufe kisikilizwe mashine ikifika SUBIRI tu, tusipoteze mfuko katikati. Na pale SUBIRI nimeandika iangalie jicho kwanza, kitufe baadaye. Kila ikifika pale inakuta kichwa changu. Kitufe kinangoja foleni.

Mara umeme ukakatika. Alhamdulillahi! Sijawahi kuufurahia ukikatika. Dereva akakimbia kutafuta mkasi. Akina mama wamekaa chini, wameshika mbavu. Mkasi haujafika, umeme ukarudi.

Haikusahau. Ilikuwa imeachia katikati ya JAZA.

Mama Zuhura ndiye aliyezima kwenye swichi kubwa ya ukutani, na dereva akaikata tai chini ya kidevu. Nikainuka mweupe hadi kope. Sikuona aibu kwa ajili yangu tu. Nilimwona Mama Zuhura ameegemea ukuta, anawatazama akina mama zake, na roho iliniuma.

Mzee Ndayi akauchukua ule mfuko. Akashika kipande cha tai kilichotokeza, akavuta. Haukuachia. Akamwita dereva, wakavutana huku na huku hadi kofia ya Mzee ikaanguka. Haukuachia.

"Mama," akasema, "mifuko ya mshumaa inafika imefumuka, watoto wetu wanakunywa uji na mchanga. Huu haufumuki. Tunachukua. Lakini huyu kijana mfungie mlango."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akautia mfuko kwenye begi lake.

"Mzee, samahani, na tai?"

"Huu ndio mfano. Yote ije imefungwa hivi."

Alipokuja kuniaga nilimwinamia kutoka ng'ambo ya uwanja. Mlango nimeurudisha, na kitufe sasa kiko mbele ya jicho kwenye programu.

Simu yangu inaita hapa. Ni mchungaji, na kesho ni Jumapili. Anayecheka apokee yeye.